Kruza ya kuanzia kwa mtu mfupi, Houston: Rebel 300, Rebel 500 au Vulcan S?

DadaWaAlief

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua kruza, yaani zile pikipiki za siti ya chini na mkao wa kutulia, hasa mlioko huku Texas.

Vipimo vyangu: urefu futi 5 inchi 2, mguu wa ndani (kutoka msambani hadi sakafuni, bila viatu) inchi 28, uzito kilo 60. Gari naendesha na leseni ya Class C ninayo, pikipiki sijawahi kabisa. Naishi Alief, kazi iko Texas Medical Center. Njia ziko mbili: kunyoosha na Bellaire Boulevard mpaka inapobadilika jina kuwa Holcombe, taa nyekundu kila baada ya hatua chache, au kupanda Southwest Freeway. Bajeti ni dola 5,000 kwa pikipiki yenyewe. Kofia, jaketi na viatu nimevitengea fungu lake.

Nataka kruza kwa sababu ya mkao, kelele sina haja nazo. Mpaka sasa naziangalia Honda Rebel 300 na 500, Kawasaki Vulcan S na Yamaha V Star 250. Kuna muuzaji ananisukumia Harley Iron 883 ya mtumba, anasema "hii ndiyo ya kina dada, siti iko chini". Siti kuwa chini inatosha? Na hizo cc: 300 itaniaibisha barabarani, au 500 itanizidi nguvu?

---

FundiGerezani

Dada, huyo muuzaji kasema ukweli nusu. Siti ya Iron 883 iko chini, ila chombo chenyewe kina kama kilo 256 kikiwa na mafuta. Rebel 500 ina kilo 185. Tofauti ni kilo 71, yaani zaidi ya uzito wako wewe. Ukiwa kwenye mwendo hutausikia, maana pikipiki ikishashika kasi inajisimamisha yenyewe. Utausikia kwenye maegesho ya hospitali unapoirudisha nyuma kwa miguu na sakafu ina mteremko. Utausikia tena ukisimama kwenye taa, mguu wa kushoto ukatua kwenye mchanga au oili. Wanaoanza huangusha pikipiki hapohapo, kasi ikiwa sifuri, na ikishapita pembe fulani hakuna mkono wa kuizuia.

Kwa hiyo usianze na cc. Anza na uzito, halafu urefu na upana wa siti, halafu pegi za miguu zilipo, halafu umbali wa usukani. Injini ije mwisho.

Uzito. Kwa mtu wa kilo 60 anayeanza, mimi ningeweka mpaka kwenye kilo 200. V Star 250 ni karibu kilo 147, Rebel 300 kama 165, Rebel 500 ni 185. Vulcan S imeshavuka, ina takriban 226. Siyo kwamba haiwezekani, ila kila kosa dogo litakugharimu zaidi.

Siti. Rebel zote mbili ni inchi 27.2, V Star 250 ni 27, Vulcan S ni 27.8. Kwa mguu wa inchi 28 na buti yenye soli ya inchi moja, zote utazifikia kwa nyayo mbili bapa. Lakini namba ya kwenye karatasi haikuambii upana. Siti pana inatanua mapaja, na mapaja yakitanuka mguu unapungua urefu. Rebel imebanwa pale siti inapokutana na tanki, ndiyo maana watu wafupi wanaisifu. Royal Enfield Meteor 350 watu wataitaja humu, ni pikipiki nzuri na ya upole, ila siti yake ni milimita 765, inchi 30 na kitu. Wewe utasimamia vidole. Eliminator mpya ya Kawasaki ni nyepesi, siti ni inchi 28.9, na ikiwa mpya bei iko juu ya bajeti yako.

Pegi. Hapa ndipo wengi wananunua kwa macho. Ile picha ya miguu imenyooshwa mbele ya injini inapendeza, lakini ina gharama tatu. Kwanza, uzito wote unakaa kwenye mkia wa mgongo, huwezi kujiinua kidogo kwenye siti ukikuta shimo. Pili, mtu mwenye miguu mifupi akinyoosha mguu kufikia breki ya nyuma anateleza mbele ya siti, na mkono wa kulia unavuta usukani bila yeye kujua. Tatu, kwenye kona za mwendo wa mtu anayetembea unahitaji nusu klachi pamoja na breki ya nyuma iliyoguswa kidogo tu, na kugusa kidogo kwa mguu ulionyooka ni shughuli. Chukua yenye pegi za katikati. Rebel ziko katikati. Vulcan S ziko mbele kiasi, ila zimetengenezwa zisogezwe: nafasi tatu, ya kawaida, inchi moja mbele au inchi moja nyuma. Kwako wewe zirudi nyuma, na siti uombe ile ya kukusogeza karibu na usukani.

Ukifika dukani usikae tu ukapigwa picha. Vaa viatu utakavyoendeshea. Kaa, isimamishe wima, kunja stendi. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, halafu kulia, na utazame mkono wa upande wa nje: kiwiko kikinyooka kikakaza au bega likavutwa mbele, usukani uko mbali. Hapo ndipo unapokosa nguvu wakati wa kugeuza kwa pole. Kisha toa mguu kwenye pegi na kuuweka chini mara kadhaa bila kutazama. Kwenye pegi za katikati shavu la mguu linaweza kugonga pegi, ujue mapema mguu unatua mbele yake au nyuma yake. Kisha irudishe nyuma kwa miguu hatua tano. Mwisho vuta mkono wa klachi kwa vidole viwili, ushikilie dakika moja nzima. Bellaire ina taa nyingi, huo mkono utaushikilia sana ukichelewa kuweka gia huru.

---

Bukavu713

Jambo dada. Fundi kamaliza habari ya mwili, mimi naongeza njia, maana hiyo njia yako naijua.

Ukibaki Bellaire peke yake, hata V Star 250 inakutosha. Barabara ile si ya kasi, na gia zake tano ni laini. Tatizo ni siku utakayopanda freeway. Magari pale yanakwenda maili 70 kwa saa na zaidi kukiwa wazi. V Star ni 249cc, inapozwa na hewa. Kwenye 65 imeshakaribia kumaliza pumzi, na lori likianza kuingia njia yako huna akiba ya kulipita. Rebel 300 (286cc, silinda moja) inafika 70 na inaweza kukaa hapo, ila injini inalia na mtetemo unakuja mikononi. Rebel 500 ni 471cc, silinda mbili, gia sita, nguvu kama za farasi 45. Kwenye 70 imetulia na bado ina kitu cha kuongeza.

Kuhusu kuogopa 500: injini ile imepangwa ivute taratibu kuanzia chini, haina mahali inapolipuka ghafla. Ulaya inauzwa kwa wenye leseni ya A2, daraja lenye kikomo cha kilowati 35. Kinachowaangusha wanaoanza ni pikipiki za michezo za 600 zenye silinda nne, ambazo zimelala mpaka juu halafu zinaamka kwa mkupuo. Kumi kwa moja, wewe utaisahau hofu ya 500 mwezi wa kwanza, lakini upungufu wa 300 kwenye freeway hausahauliki.

Joto nalo. Agosti, saa nane mchana, umesimama taa ya Bellaire na Gessner, lami inachemka. Injini inayopozwa na hewa pekee, kama Iron, haina feni ya kuisaidia ikisimama, na silinda ya nyuma iko chini ya paja la kulia. Rebel zote mbili na Vulcan S zina rejeta na feni. Feni ikiwaka inapuliza joto miguuni, hilo nalo lipo, lakini injini haiteseki.

Na usidhani utapenya katikati ya foleni kama bodaboda wa nyumbani. Texas sheria inakataza. Utakaa kwenye foleni kama gari.

---

MzeeWaShadow

Mnamsahaulisha dada kitu kimoja: Honda Shadow 750. Siti inchi 25.6, chini kuliko zote mlizozitaja. Nyingi hazina cheni, zina shafti, kwa hiyo hakuna kupaka oili kila wiki wala kukaza. Mtumba wake kwa dola 4,000 zimejaa Texas nzima, na injini ile haifi.

---

FundiGerezani

Mzee wangu, Shadow naiheshimu na shafti yake ni raha tupu. Lakini ni kama kilo 250, na ni ndefu. Urefu kati ya tairi na tairi ukiongezeka, kugeuka kwenye maegesho kunataka nafasi zaidi, na mwanafunzi anaishia kutembeza miguu chini. Ningempa mwaka wa pili, wa kwanza hapana. Mwenye kilo 95 aliyewahi kuendesha Boxer Mbagala, huyo mpe Shadow leo.

Nyingine ya kutazama kwa bei ndogo ni Suzuki S40, silinda moja ya 652cc, mkanda badala ya cheni, kama kilo 173. Imetengenezwa miaka mingi, mpaka 2019. Ina magonjwa mawili yanayojulikana: plagi ya mpira iliyo juu ya kichwa cha injini huvujisha oili, na kikaza cheni ya ndani, ile inayozungusha kamshafti, husukumwa nje kadiri cheni inavyorefuka mpaka mwisho wake. Ukisikia mlio wa cheni ndani injini ikiwaka, muulize mwenye nayo kama kikaza kimekaguliwa. Kama anashangaa swali, ondoka.

---

DadaWaAlief

Asanteni sana, nimeelewa kumbe nilikuwa naangalia namba ya mwisho kwanza. Iron nimeifuta. Nilikwenda kukalia Rebel na Vulcan S. Vulcan nikigeuza usukani mpaka mwisho kiwiko kinanyooka kabisa, kama alivyosema Fundi. Rebel inanikaa.

Sasa kuna matangazo mawili. Rebel 500 ya 2018, maili 6,200, anataka dola 4,300, haina ABS (breki zinazozuia tairi lisifunge). Na V Star 250 ya 2015, maili 3,000 tu, dola 2,400, imekaa gereji miaka miwili bila kuwashwa. Niende kutazama nini, na nianze wapi? Nitakwenda na kaka yangu, lakini naye anajua magari tu.

---

Spana10

Dada, maili chache si sifa kama chombo kimekaa. Nianze na V Star ili tuiweke pembeni. Ile ina kabureta. Petroli ya huku ina ethanoli, ikikaa miaka miwili kwenye kabureta inageuka gundi na kuziba tundu la mafuta ya silensa (injini inapounguruma yenyewe bila kuongezwa mafuta), ambalo ni jembamba kama nywele. Dalili: inawaka kwa choki tu, ukirudisha choki inazima, au inakohoa ukifungua mafuta kidogo. Kuna kufungua kabureta na kuiosha, betri mpya, mafuta ya breki mapya, na matairi pengine ni yaleyale ya kiwandani. Ukijumlisha, ile 2,400 si 2,400 tena. Kama unajua spana ni biashara nzuri. Wewe bado.

Rebel sasa. Mpigie muuzaji umwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu anaficha kwenye kuwasha asubuhi. Rebel 500 ina mfumo wa sindano, ikiwa baridi inapaswa kuwaka kwa kubonyeza mara moja bila kuguswa mafuta. Moshi mweupe kidogo wa mvuke mwanzoni ni maji tu. Wa bluu ni oili inaungua.

Kabla ya kuiwasha, zunguka nayo ukitafuta kuanguka. Usitazame tanki, tanki hupakwa rangi. Tazama ncha za mikono ya klachi na breki, ncha za usukani, ncha za pegi na upande wa egzosi. Mikwaruzo upande mmoja kwenye ncha tupu maana yake ilianguka imesimama, hilo si kubwa na ni hoja ya bei. Kisha chuchumaa mbele, uzungushe usukani mpaka mwisho pande zote, utazame vile vidole vya chuma kwenye shingo ya fremu vinavyozuia usukani usiendelee. Vikiwa vimebonyea au rangi imepasuka pale, pikipiki iligonga kitu kwa kasi. Iache, hata akipunguza dola elfu.

Shokapu za mbele: futa mirija kwa tishu, shika breki ya mbele, isukume chini mara tano, futa tena. Ukipata duara la oili, sili zimekwisha. Kaka yako aiegemeze mpaka tairi la mbele linyanyuke, wewe zungusha usukani polepole. Ukisikia kama unaingia kwenye kitundu pale katikati, beringi za shingo zimeliwa.

Cheni: nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, shika cheni katikati ya duara na uivute kuja kwako. Ikiachia ukaona zaidi ya nusu ya jino, cheni imekwisha. Meno ya sproketi yakiwa yamelala upande mmoja kama pezi la papa, vyote vitatu vinabadilishwa pamoja, cheni na sproketi mbili. Usikubali "badilisha cheni tu", sproketi ya zamani inaila cheni mpya. Kaza na legeza ipimwe sehemu tatu tofauti za mzunguko. Ikiwa imekaza huku na kulegea kule, imerefuka bila usawa. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye mkono wa fremu unaoshika tairi la nyuma, pamoja na upepo wa matairi.

Matairi: tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Pikipiki ya 2018 ambayo bado ina matairi ya 2018, hata kama meno yapo, mpira umeshakuwa mgumu, na kwenye mvua ya Houston mpira mgumu ni sabuni. Jozi pamoja na kufungwa inakaribia dola 400. Hiyo nayo iondoe kwenye bei.

Breki: chungulia pedi kwa tochi. Zikibaki milimita mbili au mfereji wa alama ukiwa umefutika, ni za kubadilisha. Mafuta kwenye kikopo cha usukani yawe ya rangi ya maji au manjano hafifu. Ya rangi ya chai hayajabadilishwa zaidi ya miaka miwili, na mwenye kupuuza hilo amepuuza na mengine.

Umeme: beba mita ndogo. Betri ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6. Injini ikiwa imepandishwa juu kidogo ya silensa isome kati ya 13.5 na 14.5. Pungufu ya hapo chaji haiingii.

Halafu namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ilingane na hati, tarakimu kwa tarakimu. Ichukue namba hiyo uiingize kwenye VINCheck, tovuti ya NICB, shirika la Marekani linalofuatilia wizi wa magari, bure, uone kama iliibiwa au iliandikwa ajali. Iingize pia kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kuna marekebisho ya bure ya kiwanda ambayo hayajafanyika.

Bei yenyewe: mwaka 2017 ilipotoka ilianzia dola 5,999 bila ABS. 4,300 kwa ya 2018 yenye matairi ya zamani ni juu. Ingekuwa na matairi mapya na cheni nzima, ningesema sawa.

---

MalkiaWaLami

Mdogo wangu, kabla ya kwenda kutazama chochote, fanya kozi. Texas tangu 2009 huwezi kupata Class M, leseni ya pikipiki, bila kozi iliyoidhinishwa, na ukiwa na miaka 18 kwenda juu na Class C mkononi, cheti chake kinakuondolea mtihani wa barabarani. Pikipiki ndogo wanakupa wao. Faida kubwa ni kwamba utajua kama klachi inakubaliana na mkono wako kabla hujatoa elfu nne. Mkono mdogo? Tazama Rebel za 2020 kuja juu, Honda waliweka klachi nyepesi zaidi ambayo pia haiburuzi tairi la nyuma ukishusha gia kwa pupa. Za 2017 hadi 2019 si mbaya, ila utaona tofauti kwenye foleni.

Kofia ijaribu ukiwa na nywele utakazokuwa nazo. Ukisuka rasta nene kofia iliyokukaa vizuri jana haiingii, na ukizifumua ileile inacheza kichwani. Chagua mtindo mmoja wa nywele unaolala bapa kichwani, nunua saizi ya hapo. Vivyo hivyo kwa anayevaa hijabu: ile nyembamba ya kuvuta ya ndani, isiyo na pini wala fundo nyuma. Kofia iwe na alama ya usalama, DOT ya Marekani au ECE 22.06 ya Ulaya. Ishike kidevuni uizungushe: mashavu yafuate kofia. Kofia ikizunguka peke yake ni kubwa. Sheria inamruhusu mwenye miaka 21 aliyefanya kozi kuendesha kichwa wazi. Wewe unafanya kazi hospitali, sina la kuongeza.

Jaketi la Houston ni la wavu lenye kinga za viwiko, mabega na mgongo. La ngozi utaliacha nyumbani kuanzia Aprili, na jaketi lililo nyumbani halikingi kitu. Viatu vifunike vifundo, na kamba ziingizwe ndani, zisije zikanasa kwenye gia.

Makaratasi: fomu 130-U, ya kuombea hati kwa jina lako, mjaze na kusaini wote wawili, wewe na muuzaji, na hati asaini nyuma. Mna siku 30 kubadilisha jina ofisi ya kodi ya kaunti, na kodi ni asilimia 6.25. Usikubali hati yenye jina la mtu wa tatu, eti "ni ya shemeji yangu". Bima omba bei kwa namba ya fremu kabla ya kulipa, si baada.

---

DadaWaAlief

Nashukuru, dada na kaka zangu. Kozi nimeshajiandikisha. Swali la mwisho: nimepata Rebel 500 nyingine ya 2020 yenye ABS, maili 4,000, dola 4,900. Hiyo 600 ya ziada inalipa? Na kama nikiangusha, kwa kilo 60 nitainua?

---

Spana10

Inalipa. Mwanafunzi akishtuka hukamua breki ya mbele yote kwa mkupuo. Bila ABS tairi la mbele linafunga na uko chini kabla hujajua kilichotokea. Yenye ABS inaachia na kushika yenyewe. Haisaidii ukikamua huku umelala kwenye kona, hapo bado ni wewe. Thibitisha kwa macho: karibu na diski ya mbele kuna pete ndogo yenye matundu na kihisi chenye waya. Ukifungua swichi taa ya ABS iwake, na ukitembea mita chache izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu kaifunika au kaitoa, usinunue. Pamoja na klachi aliyoisema Malkia, taa za LED na kionyesha gia vilivyokuja mwaka huo, 600 ni halali. Matairi bado yakague.

---

FundiGerezani

Kuinua: zima swichi. Ikiwa imelala upande wa kulia, toa stendi kwanza, isije ikapitiliza upande wa pili. Weka gia ya kwanza isibiringike. Zungusha usukani mpaka mwisho kuelekea chini. Geuka uipe mgongo, makalio kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja ushike mshiko wa usukani ulio chini, mwingine ushike fremu, kamwe si taa ya kona. Mgongo wima, tembea kinyumenyume kwa hatua fupi, nguvu itoke mapajani. Kilo 185 kwa njia hiyo zinainuka na mtu wa kilo 60. Kwa kuinama na kuvuta kwa mikono hazinyanyuki, na kiuno kinaondoka.

Nunua na vyuma vya kukinga injini siku hiyohiyo. Ikilala inalalia vyuma, haifiki chini kabisa, na kuinua kunakuwa nusu ya kazi.

Kingine kwa Rebel: tanki ni lita 11.2, jaza kila baada ya maili 130 hadi 150 bila kungoja taa. Shokapu za nyuma ni fupi na ngumu, utaziona kwenye viungo vya zege vya freeway. Kwa uzito wako punguza mkazo wa springi mpaka hatua ya chini kabisa. Cheni ipake mafuta kila maili 500 hivi na kila ikinyeshewa, ikiwa ya moto, upande wa ndani, injini ikiwa IMEZIMWA na tairi linazungushwa kwa mkono. Kuna watu wamepoteza vidole kwa kuiweka gia ya kwanza iizungushe yenyewe.